Adapta za Wi-Fi za bei nafuu hufanya kazi kwenye Linux

Mtu anayeulizia adapta ndogo ya Wi-Fi ya USB katika maduka ya Dodoma mjini, iwe karibu na Soko la Majengo au Nyerere Square, anaweza kuambiwa kwamba zile za bei nafuu hazikubali Linux, mfumo endeshi wa kompyuta kama ilivyo Windows. Kauli hiyo si sahihi. Kinachoamua si bei wala jina lililochapishwa kwenye boksi, bali chipu iliyomo ndani, kwa kuwa adapta mbili zinazofanana kama pacha zaweza kubeba chipu tofauti kabisa.

Muuzaji akikuruhusu kuichomeka kwenye kompyuta yako ya Linux kabla ya kulipa (wapo waungwana wanaokubali), amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, itakuonyesha namba ya utambulisho wa adapta. Namba 148f:7601 ni ya chipu ya MT7601U, ambayo draiva yake (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia) imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, tangu toleo la 4.2 la mwaka 2015. Chipu ya RTL8811CU ilisubiri hadi toleo la 6.2 la mwaka 2023; mwenye kerneli ya zamani hana budi kuisasisha au kujenga draiva mwenyewe, kazi ambayo nisingempa mgeni wa Linux.

Zinazopotosha zaidi ni zile zinazojitambulisha kwanza kama diski ya CD yenye draiva za Windows, kwa namba 0bda:1a2b. Mnunuzi hudhani ameuziwa kifaa kibovu, ilhali programu ya usb_modeswitch huigeuza ikawa adapta ya mtandao. Intaneti ya kupakulia programu hiyo yaweza kutoka kwenye simu iliyounganishwa kwa waya wa USB.