Oili chini ya gari haimaanishi pampu ya stelingi imekufa

Wenye Porsche 944 na magari mengine ya michezo ya miaka ya 1980 wengi huamini kwamba oili ikidondoka upande wa pampu ya pawa stelingi (inayosukuma oili ili usukani uwe mwepesi), basi pampu imekwisha. Si dhana ya ajabu, maana pampu ndiyo inayoonekana imelowa.

Ila oili hushuka, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Inapodondokea si lazima ndipo inapotokea. Mara nyingi chanzo ni kopo la kuhifadhia oili ya stelingi lililopasuka, mpira wa kurudishia oili uliokakamaa, au klampu iliyolegea: vitu vya bei ndogo kuliko pampu.

Kukagua mwenyewe si kazi ngumu. Injini ikiwa baridi, safisha sehemu yote, ikauke kabisa. Washa, mwenzako azungushe usukani pande zote bila kuung'ang'aniza mwishoni, nawe umulike tochi, mikono mbali na mikanda. Zima, kisha tafuta unyevu mpya ulio juu kuliko wote. Minya pia mipira ya kuzuia vumbi kwenye reki, yaani kifaa kinachogeuza magurudumu ya mbele unapozungusha usukani. Ikiwa na oili ndani, sili za reki zimechoka, na hapo pampu mpya haitasaidia kitu.