Eti ukigusa kinda la ndege mama yake anamsusa?

Hii nimeisikia tangu niko mdogo na mpaka leo watu wanaisema, eti kinda akishanuka mkono wa mtu mama yake hamtaki tena. Si kweli jamani. Ndege wengi wa uani hawamtambui mtoto kwa harufu, na walivyohangaika kujenga kiota, kutaga na kuatamia hawawezi kuacha kirahisi hivyo. Ukikuta kinda yuko chini, hana manyoya na macho bado yamefumba, mrudishe kiotani basi. Ila akiwa na manyoya, kamkia kafupi, anarukaruka, huyo katoka mwenyewe, ndo anajifunza, na wazazi wako hapohapo juu wanasubiri uondoke washuke kumlisha. Kazi yako ni kumfungia paka ndani tu.

Mimi nilishamwokota mmoja wa hivyo nikamweka kwenye boksi nikampa maji na kijiko, asubuhi nikamkuta amekufa na iliniuma sana. Baadaye ndo nikajua tundu la kupumulia la ndege liko nyuma tu ya ulimi, ukimmiminia maji ni rahisi yaingie kwenye mapafu. Kiotani maji anayapata kwenye chakula anacholetewa. Na maziwa msiwape, ndege hanyonyeshi, tumbo lake haliwezi sukari ya maziwa.

Mkate nao unamshibisha tu, virutubisho karibu hamna. Halafu watu wanadhani ndege wa mbegu anaishi kwa mbegu peke yake, kumbe wengi wao makinda wanawalisha wadudu, so ukipulizia sumu bustani nzima umewanyima watoto chakula hata kama umemwaga mbegu kilo ngapi.

Kingine ni vioo. Ndege anayedonoa dirisha kila asubuhi hajaleta mkosi, anaona sura yake anadhani ni mpinzani kaingia eneo lake, ziba kioo kwa nje ataacha. Wale wanaojibamiza kwa spidi ni tofauti, wao kioo hawakioni kabisa wanaona miti na anga, na stika moja katikati haisaidii, weka alama kioo kizima upande wa nje, kila sentimita 5 hivi. Na aliyejigonga akaruka msiseme kapona, wengine wanavujia damu ndani wanafia mbali. Ukimkuta amezubaa mweke kwenye boksi lenye matundu, giza, kimya, usimpe kitu, baada ya saa moja hivi lifungulie nje. Akishindwa kuruka mtafute daktari wa wanyama.

Vyombo vya chakula na maji vioshwe, usiongezee mbegu juu ya zile zenye kinyesi, ugonjwa unasambaa hapo. Mgonjwa utamjua, amejivimbisha manyoya na hata ukimsogelea hakimbii. Ukimwona mmoja ondoa vyombo vyote wiki mbili, wenzake watawanyike.