Ringi za kaboni hazimalizi habari ya mashimo

Msimu wa korosho ukichanganya na fedha za mnada zikianza kuingia, vijana wa Mtwara hukumbuka magari yao. Wengine hubadili redio, wengine taa, na siku hizi wengi wananiletea picha kwenye simu: ringi nyeusi zenye mchoro wa msuko, pamoja na swali lile lile. "Fundi, hizi ni kaboni. Nikifunga hizi si nimemalizana na mashimo?" Kwa mdomo nimeshajibu vya kutosha, kwa hiyo sasa naandika.

"Kaboni ni ngumu kuliko chuma, shimo haliiwezi"

Dhana hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Ringi ya kaboni ni matabaka ya nyuzi za kaboni yaliyoshikwa pamoja kwa gundi ngumu, na kilo kwa kilo nyuzi hizo zina nguvu kushinda chuma na alumini. Mwaka 2015 Ford ilitangaza Mustang Shelby GT350R ikiwa na ringi za kaboni za Carbon Revolution ya Australia, na ringi hizo zilipitishwa kwenye majaribio ya kugonga kingo kabla ya kuruhusiwa barabarani. Porsche ilipotoa za kwake mwaka 2017 kwa ajili ya 911 Turbo S Exclusive Series, ilisema ni nyepesi kwa asilimia 20 na imara zaidi kwa asilimia 20 kuliko ringi za kawaida za gari hilo. Kwa hiyo hata yule anayedai kwamba kaboni inavunjika kama kioo anakosea. Huko Ulaya na Marekani watu wanaendea kazini na ringi hizi.

Lakini kuwa na nguvu ni habari moja, na namna kitu kinavyoharibika ni habari nyingine. Chuma kikipigwa kupita uwezo wake kinapinda. Alumini inapinda, na kipigo kikiwa kikubwa inapasuka. Kaboni haina hatua hiyo ya kupinda ikabaki imepinda. Inavumilia na kurudi mahali pake, inavumilia tena, hadi siku kipigo kinapovuka mpaka: hapo nyuzi zinakatika na matabaka yanaachana. Yakiachana kwa ndani, kwa nje unaweza kuona mkwaruzo tu. Ringi ya alumini iliyopinda huwa inajitangaza: usukani unatetemeka, upepo unapungua kila siku, na kwenye mashine ya balansi unaiona inacheza. Ringi ya kaboni iliyoumia ndani inaweza kuzunguka kwenye mashine yangu vizuri kabisa. Kuikagua kwa uhakika kunataka vifaa vya kupima kwa mawimbi ya sauti. Mimi sina vifaa hivyo, na mafundi wenzangu ninaowafahamu Mtwara na Lindi hawana.

Sasa chukua hiyo ringi uende nayo Dar es Salaam. Barabara ya Lindi kwenda Kibiti ilikatika Somanga wakati wa Kimbunga Hidaya, Mei 2024, na anayeipita mara kwa mara anajua lami ikimegeka inaacha mdomo mkali kama panga. Upande wa Masasi kuna malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanayoshuka bandarini Mtwara, na uzito ule unaiachia lami alama zake. Ukigonga mdomo wa namna hiyo usiku ukiwa na ringi ya chuma, fundi wa Nangurukuru ataipiga nyundo, atajaza upepo, utaendelea na safari. Ya alumini inaweza kunyooshwa ikiwa haijapasuka. Ya kaboni hainyooshwi wala haichomelewi. Ikiumia kwenye mwili wake ni ya kutupa, kisha usubiri nyingine kutoka ng'ambo.

Na hata tukiliacha hilo, swali lenyewe limekosewa tangu mwanzo. Kinachoikinga ringi dhidi ya shimo ni upepo na urefu wa ubavu wa tairi. Toyota Mark X nyingi zilitoka kiwandani na tairi la 215/60R16, ambalo ubavu wake ni milimita 129. Mwenye gari anakuja anataka 245/35R19, ubavu wa milimita 86. Amejiondolea zaidi ya sentimita nne za mto uliokuwa unapokea kipigo, halafu ananiuliza ringi ipi ni ngumu. Akiniuliza mimi, arudi saizi 16 kwanza.

Kuna pia hawa wanaopunguza upepo ili gari "liwe laini". Tairi likiwa na upepo kidogo, shimo linalikunja hadi mdomo wa ringi unagonga lami. Soma kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, jaza kiwango hicho, na upime asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi likishapata moto kipimo kinadanganya. Ukiliona shimo na huna pa kulikwepea, funga breki kabla ya kulifikia, kisha achia ukiwa mdomoni. Ukiingia umekandamiza breki, pua ya gari imeshalala, shokapu za mbele zimeshabanwa, na kipigo chote kinakwenda kwenye ringi.

"Zangu ni kaboni, si unaona mchoro?"

Karibu zote ninazoletewa ni alumini iliyopakwa au kubandikwa mchoro. Sumaku haitakusaidia, kwani alumini na kaboni zote haishiki. Itumie mizani. Ringi ya mbele ya ile GT350R ilikuwa na kilo 8 hivi, wakati ya alumini ya saizi hiyo ingekuwa na 15. Na uangalie bei. Porsche ilikuwa inaomba zaidi ya euro 15,000 kwa seti moja. Fedha hizo zinanunua Mark X nzima ya mtumba na chenji inabaki, kwa hiyo hakuna anayekuuzia seti ya kaboni halisi kwa bei ya ringi za mtumba.

"Kilo moja kwenye ringi ni sawa na kilo kumi kwenye bodi"

Hapana. Gari linapoongeza mwendo, kilo iliyo ukingoni kabisa mwa gurudumu inahesabika kama kilo mbili, na iliyo karibu na habu, yaani katikati ya gurudumu, inahesabika kama moja na kidogo. Haivuki mbili. Corvette Z06 ya 2023 ikifungwa ringi za kaboni inapungua karibu kilo 18.6 kwa ringi zote nne. Kwenye mashindano ya magari, kilo hizo ni nyingi, na shokapu zinafanya kazi yake vizuri zaidi tairi likifuata barabara kwa wepesi. Kwa anayetoka Shangani kwenda sokoni hazina habari. Mafuta utaokoa machache mno: kwa mwendo usiobadilika, uzito wa ringi karibu haugusi matumizi.

"Kaboni haishiki kutu, kwa hiyo inafaa pwani"

Kaboni yenyewe haishiki kutu, kweli. Lakini ikigusana na alumini penye chumvi na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa hewa yetu ya Mikindani hilo si jambo dogo. Watengenezaji wazuri wanatenganisha hizo mbili pale nati zinapokaa. Wa bei rahisi sina imani nao.

"Joto la breki litaiyeyusha"

Kwa zile za kiwandani, hapana. Ford iliweka tabaka la kauri upande wa ndani kwa ajili ya joto hilo. Hofu yangu kubwa ni fundi wa pancha wa kando ya barabara na tairi leva yake. Kaboni inataka mashine yenye vikinga vya plastiki, risasi za balansi za kubandika tu, na nati zikazwe kwa spana ya kipimo.

Mwenye fedha na anayetaka wepesi kweli, ninampeleka kwenye alumini iliyofuliwa (forged), yaani iliyoshindiliwa kwa nguvu badala ya kuyeyushwa na kumiminwa. Ni nyepesi kuliko ya kumiminwa, ina nguvu zaidi, na ikigongwa inapinda, kwa hiyo unaiona. Kwa wengine wote, ringi iliyokuja na gari kutoka Japani inatosha. Geuza nyuma ya spoki utafute alama ya JWL, kiwango cha Japani cha ringi za alumini: ringi yenye alama hiyo ya kweli imejaribiwa kwa kupindwa, kuzungushwa chini ya uzito na kupigwa. Ukiikosa alama hiyo kwenye ringi mpya ya dukani, usilipe hata kama mchoro wake umekuvutia.