Si "Brussels imeamua": dhana potofu kuhusu sera ya nje ya Ulaya

Katika kila rundo la insha za wanafunzi wangu wa uhusiano wa kimataifa naikuta sentensi ileile: "Brussels iliamua kuweka vikwazo, nchi wanachama zikatii." Brussels hapo ni makao makuu ya Umoja wa Ulaya. Inanichosha, maana anayeiamini hataelewa kamwe kwa nini Ulaya huchelewa.

Ukweli ni kinyume chake. Sera ya pamoja ya mambo ya nje na usalama ya Umoja huo ililetwa na Mkataba wa Maastricht, ulioanza kutumika Novemba 1993, na kanuni yake kuu ni kauli moja. Leo serikali ni 27, na karibu kila uamuzi mzito unazihitaji zote. Tume ya Ulaya, yenye meno makali kwenye biashara, hapa haina kura. Bunge la Ulaya linashauriwa tu. Nchi inaweza kujizuia bila kuwakwamisha wenzake, lakini ikisema hapana, shughuli imesimama.

Tazameni Belarus. Rais wake, Lukashenko, alitangazwa mshindi wa uchaguzi Agosti 2020, waandamanaji wakapigwa, na viongozi wa Ulaya wakayakataa matokeo mwezi huohuo. Vikwazo je? Cyprus ilivizuia. Haikuwa ikimtetea Lukashenko. Ilitaka wenzake kwanza waibane Uturuki iliyokuwa ikichimba gesi kwenye maji ambayo nchi hizo mbili zinayagombania. Orodha ya kwanza, ya watu 40, ilipita tarehe 2 Oktoba, baada ya viongozi kukesha mezani. Kisiwa kimoja kiliwasubirisha Ujerumani na Ufaransa, na mkataba ulikipa haki hiyo.

Ndiyo maana nasisitiza: ukipewa uamuzi wa vikwazo, anza na tarehe ya kuisha. Vile vya kiuchumi dhidi ya Urusi vya 2014 vilipangiwa kuhuishwa kila miezi sita, na kila mara nchi yoyote ingeweza kugoma. Asiyeitazama tarehe hiyo anaona ukuta mahali penye mlango.

Zipo dhana nyingine. "Mwakilishi Mkuu, anayeusemea Umoja kwa mambo ya nje, ni waziri wa mambo ya nje wa Ulaya." Hapana. Kuanzia Javier Solana aliyeshika cheo hicho mwaka 1999 hadi Kaja Kallas leo, anasema kile ambacho serikali zimekubaliana. Mwaka 2003 zilipogawanyika kuhusu vita vya Iraq, Solana hakuwa na msimamo wa pamoja wa kuutetea.

"Umoja wa Ulaya ndio NATO." Austria, Ireland, Malta na Cyprus zimo kwenye Umoja na hazimo NATO, muungano wa kijeshi ulio na Marekani ndani yake. Basi.

"Ulaya ina jeshi lake." Haina. Bunge la Ufaransa liliua wazo hilo Agosti 1954. Vikosi vya dharura vya Umoja, kila kimoja cha watu wapatao 1,500, vilivyokuwa tayari tangu 2007, havijawahi kutumwa vitani. Operesheni zipo, ila askari ni wa nchi zao: waliotua Bunia, Ituri, mashariki mwa Kongo, Juni 2003, chini ya bendera ya Umoja, wengi walikuwa Wafaransa, kwa sababu Ufaransa ndiyo iliyokubali kuwatoa.