Boriti ya Baraza la Mviringo: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba boriti ya zege inayofuata ukingo wa baraza la mviringo hupata nguvu ya ziada kwa sababu imepinda, kama tao la mlango. Sivyo. Tao limesimama wima na husukuma mzigo wake hadi kwenye kuta zinazolibeba, ilhali boriti ya baraza imelala, na kupinda kwake huiongezea kazi. Chukua baraza la nusu duara lenye kipenyo cha mita 4 na nguzo 3, mbili ukutani na moja mbele. Kati ya nguzo na nguzo, boriti hutokeza nje ya mstari ulionyooka kwa karibu sentimita 59, na mzigo wa paa unaokaa huko nje hauilemei boriti kuelekea chini tu, bali huisokota pia.

Kwa hiyo si kweli kwamba nondo nene za chini zinatosha, na kwamba ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo, ni za kushikilia nondo tu zisihame. Msokoto hupasua zege kwa nyufa za mshazari zinazoizunguka boriti pande zote, na kinachozizuia ni ringi zilizofungwa kamili, ncha zake zikiwa zimekunjwa nyuzi 135 kuingia ndani ya zege, pamoja na nondo za urefu katika kila kona. Ringi iliyokunjwa nyuzi 90 ili kazi iende haraka hufunguka pindi ganda la zege linapobanduka. Fundi asiyekubali kuzisuka upya asiruhusiwe kumwaga zege.

Wengine hutaka kuondoa nguzo ya mbele na kuinenepesha boriti. Boriti ya nusu duara iliyoegemea ncha zake mbili tu hupinduka kuelekea nje, kwa kuwa uzito wake wote uko upande mmoja wa mstari unaounganisha ncha hizo mbili, na unene huongeza uzito huohuo. Husimama endapo ncha hizo zimefungamana na muundo wa nyumba usioweza kuzunguka, na hesabu hiyo ni ya mhandisi.

Mirunda, yaani miti inayoishikilia boriti kwa muda, nayo hutolewa mapema kwa madai kwamba zege limeshakauka. Zege halipati nguvu kwa kukauka, bali kwa saruji kuungana na maji. Limwagiliwe kwa siku 7 angalau, na mirunda ibaki hadi siku 14, au zaidi mhandisi akiagiza.