Chipu ya kasi zaidi haitaokoa kitufe chako

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye makundi ya wanafunzi na mafundi wa elektroniki: "Mradi ukichelewa kuitikia, kidhibiti chako (chipu inayoendesha mradi) ni dhaifu. Nunua chenye kasi zaidi." Unasambazwa kwa nia njema, lakini si sahihi, na unamtoa mwanafunzi fedha asizonazo.

Kasi ni jambo moja, kuwahi ni jingine. Programu ya wakati halisi (real-time) hudai kila kazi ikamilike kabla ya muda wake kupita, kila mara, hata kama chipu yenyewe ni ya polepole.

Jaribu mwenyewe. Chukua Arduino Uno, bodi ndogo yenye kidhibiti cha megahezi 16. Andika programu iwashe taa, isubiri kwa delay(2000), yaani amri ya kusimama milisekunde 2000, izime, isubiri tena, ndipo isome kitufe. Bonyeza na kuachia upesi: karibu kila mara, kimya. Hamishia programu hiyohiyo kwenye ESP32, kidhibiti cha megahezi 240. Kimya vilevile, maana sekunde 2 za kusubiri ni sekunde 2 kwenye chipu yoyote. Sasa ondoa delay, na kila mzunguko iulize millis(), saa ya ndani inayohesabu milisekunde, kama muda umetimia. Uno ileile itaitikia papo hapo.

Mkanganyiko unaeleweka: "wakati halisi" husikika kama "haraka", na hesabu nzito kweli huhitaji kasi. Ila kwanza tafuta kazi inayozuia nyingine.

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze. Mpe aliyeuliza jaribio hili la taa na kitufe.