Kabla hujampelekea leso, soma jina lake kwanza

Mwezi wa tatu kuna kaka aliingia dukani saa saba mchana, tai imelegea, akaniambia dada nipe ile leso ya kijani na manjano pale juu, nifungie vizuri ni ya zawadi. Nikamuuliza ya nani. Ya mtu tu wa ofisi. Sawa, na huyo mtu wa ofisi kwao ni wapi? Mombasa, Mji wa Kale. Basi nikaishusha nikaitandaza mezani nikamwekea kidole kwenye maandishi, NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU. Wallahi alikuwa amependa rangi tu, hata hakujua kama kuna maneno, yeye ni mtu wa Murang'a na leso anazijua za mamake akienda shamba, nani asome.

Mi nauza leso, wengine huziita khanga, hapa mtaa wa Biashara, Nairobi, mwaka wa 14 huu, na nimelelewa na bibi yangu Majengo, Pumwani, ambaye ukimpa leso hasemi asante mpaka avae miwani asome jina kwanza. Kwa hivyo hii kazi ya kumsaidia mtu aseme kitu bila kukisema nimeifanya sana, na naona watu wanakosea palepale kila mara, nikasema wacha niandike.

Kwa wale ambao hamjui, leso ina pindo, yaani ule mpaka wa kuzunguka, ina mji ambao ni pale katikati, na ina jina, yale maneno chini ya mji. Pwani watu hawanunui rangi, wananunua jina. Zamani, karne ya 19, wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vile vitambaa vya mkononi vya Wareno wanaunga sita pamoja inakuwa nguo moja, ndio neno leso likabaki, kwa Kireno lenço ni hicho kitambaa. Majina yalikuja baadaye, na Mombasa watakwambia aliyeyaleta ni Kaderdina Hajee Essak, yule wa Mali ya Abdulla, biashara ya tangu 1887, na majina ya kwanza yalikuwa kwa herufi za Kiarabu.

Sasa kwa nini leso inafaa kwa mapenzi ya siri? Kwa sababu maneno si yako! Kiwanda ndicho kimesema. Ukimpelekea na akakunja uso unaruka haraka, ai mi sikusoma, nilipenda rangi. Mama yake akiiona nyumbani anaona leso, yeye mwenyewe anaona sentensi. Mi naita hiyo mlango wa nyuma, na zawadi ya mapenzi yaliyofichwa ikikosa mlango wa nyuma hiyo si ya siri tena, hilo ni tangazo. Waridi jekundu tarehe 14 Februari kutoka City Market, hapo umejificha wapi jamani, hata askari wa geti ameshajua.

Ndio maana mtu akija mbio anataka MAPENZI NI KIKOHOZI HAYAWEZI KUFICHIKA mi humuuliza kwanza, mmeongea ama bado? Kama bado simuuzii, ama basi namuuzia lakini nikimgombeza. Hiyo ni ya waliokwisha kukubaliana. Mwenye haya namshushia JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Hiyo inaweza kuwa ya kazi, ya mtoto, ya ploti kule Kitengela, ya chochote. Anayetaka kuelewa ataelewa, na asiyetaka pia ana pa kupitia, na hilo la pili watu hulisahau, kwamba hata yule unayempenda anahitaji mlango wake wa kutokea bila kukuaibisha.

Yule kaka alichukua hiyo, shilingi 600, akalipa na M-Pesa akaondoka na jasho.

Lakini hii yote inafanya kazi tu kama mpokeaji anasoma. Kuna kijana wa Lamu, mtaratibu sana, alimpenda msichana wa Nyeri, akaja akachagua leso nusu saa nzima, anarudisha hii anachukua ile, jina analipima kama dawa. Akampelekea. Msichana akashukuru, wikendi akaenda nyumbani akampa mamake! Na hakukosea hata kidogo, kwao leso ni kitu cha mama, kwenye ruracio, yaani kupeleka mahari kwa Wakikuyu, si leso na blanketi ndizo zinapelekewa kina mama? Mama akafurahi, akamwombea yule kijana baraka, na msichana mwenyewe mpaka leo hajui aliambiwa nini. Kijana akarudi kwangu kama amemwagiwa maji. Nikamuuliza, huyo dada hulalamika kuhusu nini? Akafikiria, akasema mkanda wa mkoba wake umekatika, amefunga fundo. Nikamwambia basi peleka mkoba kwa fundi, achana na leso zangu. Nilipoteza kastoma siku hiyo lakini sawa tu.

Na kinyume chake pia nimeona. Jamaa wa huku ameambiwa watu wa pwani wanapenda manukato, anafunga udi na halud, yale mafuta ya udi, kwenye boksi na utepe anampelekea mwalimu mwenzake wa Malindi. Ndugu, udi ni kitu cha ndani. Unafukizwa nguo, unafukizwa chumbani usiku, mke anamfukizia mumewe. Yeye alifikiri amepeleka kitu kidogo cha heshima kumbe amepiga ngoma barazani, na boksi lenyewe likapokelewa na kakake.

Sio sisi tu wenye mambo haya. Huku Parklands na Ngara kwa Wahindi kuna siku ya Raksha Bandhan, huangukia mwezi wa nane hivi, dada anamfunga kaka rakhi mkononi, uzi tu wa urembo. Sasa msichana akishamfunga kijana asiye ndugu yake, amemfanya kaka, kesi imefungwa. Kuna mvulana wa duka la jirani siku hiyo alikaa kwenye stoo yangu tangu asubuhi anajifanya anahesabu mabunda, na mi nikamwacha ahesabu. Na kuna dada alitaka kumpa bosi wake Mchina saa ya ukutani, nikamwambia ngoja kwanza, kwa Kichina kumpa mtu saa kunasikika kama kumsindikiza anayekufa. Alinikodolea macho, akaenda kununua chai ya Kericho.

Ile niliyoipenda zaidi ni ya mzee mmoja wa Kisomali wa Eastleigh. Leso huja mbili zimeshikana, unakata halafu unapinda, na wanawake marafiki wakipendana hugawana, kila mmoja kipande chake. Mzee alinunua pea, akaniomba nikate, kipande kimoja nikifunge kwa karatasi na kingine nikitie tu kwenye mfuko. Cha karatasi kilikuwa kinasafiri. Sikuuliza kinaenda wapi. Hicho kingine alikikunja kikawa kidogo kabisa akakitia ndani ya koti.

Sasa yule kaka wa Murang'a. Juzi amerudi, anatabasamu na hofu pamoja. Ati wameenda matanga ya mfanyakazi mwenzao, na yule dada alikuja amejifunga ile leso. Nikasema mashallah, si ndio hivyo. Akasema lakini dada, ameifunga juu chini, jina lote limekunjwa kiunoni, halionekani. Hiyo maana yake ni nini?

Nikamuuliza, alikuwa amejifunga na ile nyingine kichwani? Ndiyo. Na jina la ya kichwani je, lilionekana?

Hakuangalia! Mtu ameendesha gari mpaka Machakos na kurudi, hakuangalia. Nimemfukuza dukani, arudi akiwa amesoma.